Somo la Afya: Homa Inayoshika Mishipa ya Moyo wa Mtoto

  Walio katika vikundi na wasogee karibu na redio, na yule aliyechaguliwa kuwa mwandishi awe na kalamu yake tayari, kwa maana leo kuna siku za kuhesabu.

Tutazungumza habari za homa. Najua ya kuwa mtu wa Ngara au wa Biharamulo hahitaji kuelezwa homa ni nini. Malaria twaijua tangu utotoni. Surua twaijua. Homa ya mapafu twaijua. Na Januari 2025, Serikali ilipotangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umetokea Biharamulo, neno homa lenyewe likawa zito mdomoni. Watu 10 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa ule, wengi wao wakiwa wamezikwa kabla ya kupimwa, mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025.

Lakini leo sisemi habari za homa hizo. Nataka kuwaeleza homa moja ya watoto wadogo ambayo si ya mbu, wala haiambukizwi kwa kugusana, na ambayo hata isipotibiwa hupoa yenyewe baada ya wiki moja, mbili au tatu. Mama hufurahi, mtoto huanza kula na kucheza. Kumbe ndani ya kifua, katika mishipa ya moyo, kazi ya uharibifu inaendelea. Madaktari huiita homa ya Kawasaki, kwa jina la tabibu mmoja wa Japani ambaye nitamtaja baadaye.

Labda mtauliza: kwa nini mwalimu atufundishe ugonjwa wa Japani, na sisi tuna yetu ya kututosha? Swali hilo ni la haki. Ugonjwa huu ni nadra kwetu, sitawaficha. Lakini ugonjwa usiojulikana huonekana nadra kuliko ulivyo, kwa kuwa kila anayeuona huuita jina la ugonjwa mwingine anaoujua. Tena una ndugu yake, ambaye si nadra hata kidogo katika nchi yetu, na mkiuelewa huu mtamwelewa na yule. Huyo ndugu nitamleta mwishoni.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo ni pampu ya nyama. Mchana na usiku husukuma damu kwenda kichwani, miguuni, tumboni, kila mahali. Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: moyo, ingawa umejaa damu ndani yake, hauwezi kuinywa damu ile ipitayo humo. Nyama yake ni nene mno. Ni kama mwenye shamba la migomba apelekaye ndizi mnadani kila wiki. Zile alizokwisha kupakia garini si chakula chake, naye hana budi kutengewa mkungu wake jikoni. Moyo nao umetengewa mishipa yake. Pale mshipa mkuu unapotoka moyoni, huchipuka mishipa miwili midogo ambayo hurudi nyuma na kuuzungukia moyo juu yake, ikijigawa matawi kama mizizi, ili kuulisha. Madaktari huiita mishipa ya koronari. Katika mtoto wa miaka miwili, kila mmoja una upana wa milimita 2 hivi. Chukua kijiti cha kiberiti ukitazame. Maisha ya mtoto hupita katika njia nyembamba kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye askari wa mwili. Mwili una ulinzi wake, chembe nyeupe za damu pamoja na dawa maalumu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Kijidudu kikiingia, askari hawa hukikamata. Homa tunayoisikia, uvimbe, wekundu na maumivu ni dalili za vita hiyo. Kwa kawaida vita ikiisha askari hurudi kambini.

Mnawakumbuka sungusungu. Tuseme usiku yowe limepigwa kijijini, mwizi ameonekana. Sungusungu wanatoka na virungu, wanakimbia gizani, wanamkosa mwizi, wanaingia katika ua wa mtu asiye na hatia na kumpiga mwenye nyumba. Mwizi yuko mbali, na mwenye nyumba amevunjika mbavu. Katika homa ya Kawasaki ndivyo inavyotokea. Kitu fulani, labda kijidudu ambacho wataalamu hawajakitambua mpaka leo, hupiga yowe katika mwili wa mtoto. Askari huinuka kwa wingi na hasira, kisha huigeukia mishipa ya damu ya mtoto mwenyewe. Na mishipa waipendayo zaidi kuishambulia ni ile ya koronari.

Ukuta wa mshipa unaposhambuliwa huvimba, kisha hulegea. Nani hajawahi kuona mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa? Ukiujaza upepo hautanuki sawasawa. Mahali palipo dhaifu hutoka nundu. Basi mshipa wa moyo nao hutoa nundu. Ule wa milimita 2 huweza kufika milimita 8 na zaidi, na hizo ndizo nundu kubwa zinazoogopwa kuliko zote. Ndani ya nundu damu haiendi mbio tena. Huzunguka polepole kama maji ya mto yaliyoingia kidimbwini kando ya mkondo. Damu ikikaa hivyo huganda. Donge likiziba njia, nyama ya moyo hukosa chakula, na mtoto hupatwa na shambulio la moyo, lile lile tunalozoea kulisikia kwa wazee. Mengine hutokea wiki chache tu baada ya homa, na mengine hungoja hata miaka mingi.

Aliyeufungua macho ya watu juu ya ugonjwa huu ni daktari Tomisaku Kawasaki, aliyekuwa akitibu watoto katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Tokyo. Januari 1961 aliletewa mtoto wa kiume wa miaka 4 mwenye homa na wekundu usiofanana na ugonjwa wowote aliousoma. Mtoto akapona, na daktari akaandika katika majalada yake kwamba hajui ulikuwa ugonjwa gani. Mimi hupenda sana habari hiyo. Daktari mwingine angeweza kutia jina lolote ili karatasi ijae. Mwaka uliofuata akaja mtoto mwingine kama yule, kisha mwingine, naye akawa anaandika kila alichokiona. Mwaka 1967 alitoa habari za watoto 50. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ugonjwa huu hauna madhara, kwa kuwa homa huisha yenyewe. Ni baadaye, mnamo 1970 na kuendelea, ndipo ilipoonekana kwamba wako watoto waliokwisha kupona wakafa ghafula, na walipopasuliwa mishipa ya mioyo yao ilikutwa na nundu na damu iliyoganda. Daktari Kawasaki alifariki Juni 2020 akiwa na umri wa miaka 95, na chanzo chenyewe cha ugonjwa kilikuwa bado hakijapatikana.

Japani hupata wagonjwa zaidi ya 10,000 kwa mwaka, lakini ugonjwa huu umeonekana kila bara na kwa watu wa kila rangi. Hapa kwetu Tanzania, madaktari wa Hospitali ya Aga Khan, Dar es Salaam, waliandika mwaka 2018 habari za watoto wawili waliougua ugonjwa huu. Basi haiwezekani tena kusema kwamba ni ugonjwa wa ng'ambo tu.

Mwandishi wa kikundi, sasa andika dalili. Ya kwanza ni homa kali ya siku 5 au zaidi, isiyoshuka kwa dawa za malaria wala kwa dawa za kuua vijidudu. Mtoto mwenyewe mara nyingi ni wa chini ya miaka 5, naye huwa na uchungu usio wa kawaida, analia hata akibebwa. Pamoja na homa hiyo tazama macho: huwa mekundu yote mawili, lakini hayatoi tongotongo. Tazama mdomo: midomo hukauka, huwa myekundu na kupasuka, na ulimi huwa mwekundu wenye vipele vidogo vidogo. Tazama viganja na nyayo: huvimba na kuwa vyekundu, hata mtoto hukataa kukanyaga. Tazama ngozi: hutoka vipele au mabaka. Na shingoni huweza kutoka tezi kubwa, aghalabu upande mmoja.

Hapa nitoe tahadhari. Vitabu vingi vya ugonjwa huu vimeandikwa na watu waliowatazama watoto wenye ngozi nyeupe, nao husema sana juu ya wekundu. Kwa mtoto wa Kihangaza au wa Kisubi wekundu wa ngozi hauonekani kwa urahisi. Mpeleke mtoto nje penye mwanga wa jua, si ndani ya nyumba penye moshi, umtazame midomo, ulimi, viganja, nyayo na weupe wa macho. Pitisha mkono juu ya ngozi yake. Vipele huweza kusikika kwa vidole kabla ya kuonekana kwa macho. Na tazama kovu la chanjo ya kifua kikuu, ile anayochanjwa mtoto mchanga mkononi. Kwa watoto wachanga wenye homa hii, kovu lile la zamani huweza kuvimba na kuwa jekundu tena kana kwamba limechanjwa jana. Ni ishara ndogo, lakini ugonjwa mwingine ni nadra kuifanya.

Si lazima dalili zote ziwepo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 mara nyingi huwepo moja au mbili tu pamoja na homa, na kwa bahati mbaya hao ndio ambao mishipa yao huharibika upesi zaidi. Tena dalili haziji siku moja. Macho huweza kuwa mekundu Jumanne na kupoa Alhamisi, na mikono ikavimba Ijumaa. Mganga amwonaye mtoto Ijumaa hakuona macho ya Jumanne. Aliyeyaona ni wewe mama, au bibi aliyekuwa akimlea. Usiseme moyoni, "Hayo yamekwisha, sitaki kumsumbua bwana mganga." Mweleze yote, hata yaliyokwisha kupita.

Dalili ya mwisho huja wiki ya pili au ya tatu, wakati homa inapoondoka. Ngozi ya ncha za vidole hubanduka, ikianzia kando ya kucha, kama ganda la kitunguu. Wengi hudhani ni ukavu wa ngozi. Mkiyaona hayo kwa mtoto aliyetoka katika homa ndefu, msiseme amepona. Nendeni hospitali siku ile ile, mkaseme, "Mtoto huyu alikuwa na homa siku kadhaa, na sasa vidole vinabanduka."

Tuhesabu siku sasa. Tuseme mama mmoja wa Rulenge anaona mtoto wake amepata homa Jumatatu. Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Jumanne anakwenda zahanati, mtoto anapimwa malaria, na hilo ni jambo jema, kwa maana homa nyingi za huku ni za malaria, na malaria huua upesi kuliko Kawasaki. Msije mkaanza kumwogopa simba wa mbali mkamsahau nyoka aliye mlangoni. Kipimo kinasema hapana malaria. Anapewa dawa nyingine. Alhamisi homa iko pale pale. Ijumaa ni siku ya 5. Hapo ndipo mama huyu na mganga wake wanapopaswa kuuliza swali jipya badala ya kubadili dawa ile ile kwa rangi nyingine. Jumatano ya wiki ya pili ni siku ya 10. Dawa ya ugonjwa huu hufaa sana ikitolewa kabla ya siku hiyo ya 10, na ikitolewa kabla ya siku ya 7 ni bora zaidi. Baina ya Ijumaa na Jumatano mna siku chache sana kwa mtu anayeanzia Rulenge.

Faida ya kuwahi ni hii. Katika watoto 100 wasiotibiwa, kama 25 hupata nundu katika mishipa ya moyo. Wakitibiwa mapema, hubaki kama 4 au 5. Dawa yenyewe hutolewa katika damu za watu. Huchukuliwa maji ya damu ya maelfu ya watu waliojitolea, na humo hutolewa zile silaha za askari wa mwili, zikasafishwa na kutiwa chupani. Mtoto hutiwa dawa hiyo kwa dripu polepole, saa 10 hata 12. Kipimo chake ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 huhitaji gramu 24. Ajabu ni kwamba silaha hizo za wageni huwatuliza askari wenyeji waliopagawa, na kwa watoto wengi homa huteremka katika muda wa siku moja na nusu. Wengine, kama mmoja hata wawili katika kila kumi, huhitaji dawa zaidi.

Sitaki kuwadanganya juu ya dawa hii. Bei yake ni kubwa, wala si dawa ya kukutwa katika kabati la zahanati. Ndiyo maana siku zile ni za thamani. Mtu akianza safari siku ya 5 ana nafasi. Akianza siku ya 12 amechelewa, ingawa hata hapo aende, kwa kuwa mtoto mwenye homa bado huweza kusaidiwa, na moyo wake lazima uchunguzwe.

Pamoja na dripu hiyo hutolewa asprini, ili damu isigande. Nisikilizeni vizuri hapa. Asprini si dawa ya homa ya mtoto nyumbani. Mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akipewa asprini huweza kupata ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Katika Kawasaki hutolewa kwa amri ya daktari, kwa kipimo chake. Msinunue dukani kwa sababu mmesikia jina lake katika redio. Tena mtoto aliyepewa ile dawa ya damu hucheleweshewa chanjo ya surua kwa miezi 11 hivi, kwa kuwa silaha zilizomo huizuia chanjo isishike. Basi iandikwe katika kadi yake ya kliniki, la sivyo mtachanjwa bure, na mtoto abaki bila kinga hali mkidhani anayo.

Mishipa ya moyo haionekani kwa kuweka mkono kifuani. Huonekana kwa mashine itumiayo mawimbi ya sauti, kama ile ya kumtazama mtoto tumboni mwa mama mjamzito, ila hii hutazama moyo. Haiumi wala haichomi. Kwa watu wa Ngara, njia huanzia hospitali zilizomo wilayani, kama Murgwanza au ile ya Rulenge. Kwa watu wa Biharamulo huanzia hospitali yao. Mbele yake kuna Chato, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Zamani mgonjwa wa kutoka pande hizi aliyepitia Geita na Sengerema alingoja kivuko pale Busisi, na aliyekosa kivuko cha jioni alilala ng'ambo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, linapitika. Kwa ugonjwa unaohesabiwa kwa siku, saa zile za kungoja majini hazikuwa jambo dogo. Na kwa moyo ulioharibika sana ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, lakini hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na afadhali kuizuia kuliko kuifunga.

Nundu zikishatokea, je, mtoto amekwisha? Hapana. Nyingi zilizo ndogo hupungua zenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Zilizo kubwa hubaki, na mtoto huyo hutumia dawa za kuzuia damu isigande na kurudi kupimwa maisha yake yote. Mwalimu wake wa shule na aambiwe.

Kuna jambo lilitokea mwaka 2020 ambalo liliwafanya watu wengi walisikie jina la Kawasaki kwa mara ya kwanza. Wakati wa ugonjwa wa korona, watoto wengi hawakuugua sana. Lakini wiki chache baada ya kuambukizwa, baadhi yao walipata homa kali, macho mekundu, vipele, maumivu ya tumbo na moyo kulegea. Uingereza ilitangaza habari hizo Aprili 2020, kisha nchi nyingine nyingi. Haukuwa Kawasaki yenyewe, lakini ulikuwa ni askari wale wale, wakipigana vita ambayo adui amekwisha kuondoka. Hilo liliwapa wataalamu nguvu ya kuamini kwamba nyuma ya Kawasaki nayo kuna kijidudu fulani kinachopiga yowe.

Sasa nimlete yule ndugu niliyewaahidi. Yeye hashambulii mishipa, hushambulia milango ya moyo. Moyo una vyumba vinne, na baina yake mna milango laini ifungukayo na kufunga ili damu isirudi nyuma. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoki. Koo hupona. Wiki mbili tatu baadaye viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Kana kwamba maumivu yanatembea. Mwingine hurusha mikono na uso bila kutaka, shuleni akapigwa kwa kudhaniwa ana utundu. Hiyo ni homa ya rumatiki. Yule kijidudu wa kooni ana sura iliyofanana na nyama ya moyo, na askari waliofundishwa kumpiga yeye huupiga na moyo. Kila koo jipya likija, milango huumia tena, hukakamaa, huwa na makovu. Wasichana wengi hawajui kwamba wana ugonjwa huo mpaka wapate mimba. Hapo moyo hubebeshwa mzigo mkubwa, pumzi hukata, na mama hufika hospitali akiwa katika hatari.

Tofauti yake na Kawasaki ni kwamba huyu mchochezi wake anajulikana na dawa yake ni rahisi: penisilini. Koo la mtoto likitibiwa kwa penisilini kama inavyopasa, askari hawapati sababu ya kuinuka. Kumkata mtoto kimeo, kama wafanyavyo wengine, hakuviondoi vijidudu hivyo; huongeza jeraha na damu mahali penye ugonjwa. Na mtoto aliyekwisha kuguswa na ugonjwa huu hupigwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka mingi. Jirani zetu wa Uganda walifanya majaribio huko Gulu kwa watoto zaidi ya 800 wa miaka 5 hadi 17, ambao milango ya mioyo yao ilikuwa imeanza kuharibika kidogo tu bila wao kujua. Matokeo yalitangazwa 2021. Baada ya miaka 2, kati ya watoto 399 waliopigwa sindano ni 3 tu walioendelea kuharibika. Kati ya 400 wasiopigwa walikuwa 33. Sindano ile inauma, sikatai, na watoto huikimbia. Lakini tazameni hesabu hiyo tena, 3 kwa 33.

Kabla sijamaliza, maswali mawili. Kuna mama anauliza kama aliyepata Kawasaki huweza kumwambukiza mdogo wake wanaolala kitanda kimoja. Hapana, haihami hivyo, msimtenge mtoto. Mzee mmoja anauliza kama si uchawi, kwa kuwa mtoto hupona kisha akaanguka ghafula. Mzee wangu, nimekueleza nundu na damu iliyoganda. Mtu aliyekuwa akipimwa kwa ile mashine angeliona donge lile kabla halijaziba, na hakuna mchawi anayepimika kwa milimita.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 walipokaa vikundi vikundi kando ya redio, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Kazi ya somo la leo ni ndogo kuliko choo. Kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 na itoe kadi yake ya kliniki na kuiwekea kalamu pamoja. Siku mtoto atakapopata homa, iandikwe tarehe, na kila siku chini yake yaandikwe mambo mawili: homa ipo au haipo, na macho, mdomo, mikono na ngozi vikoje. Asiyejua kuandika na amwombe mtoto wa shule. Mwandishi wa kikundi alete mfano mmoja wa karatasi hiyo wiki ijayo, tutakapozungumza habari za kuhara na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.